Ukitaka kibanda, chomeka waya: Dan Lynch na maonyesho ya Interop

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi ni kazi. Leo hakuna msimbo wala maelezo ya kusakinisha chochote. Nataka tuongee kuhusu kazi ambayo sisi watu wa kompyuta huwa tunaidharau kidogo, yaani kazi ya kuendesha makongamano makubwa. Namaanisha yule mtu anayekodi ukumbi, anayekimbizana na watu wa viti na umeme, anayeuza vibanda kwa kampuni, anayepanga nani atazungumza saa ngapi, halafu chai ikichelewa lawama zote ni zake.

Kilichonikumbusha ni kongamano moja la teknolojia nililohudhuria hapa Nairobi hivi majuzi. Sitalitaja, walionialika ni watu wazuri. Mada ya siku ilikuwa vifaa vinavyozungumza vyenyewe kupitia intaneti. Kufikia saa nne asubuhi Wi-Fi ya ukumbi ilikuwa imelala chali. Jamaa wa kwanza akaonyesha kazi yake kwa kutumia intaneti ya simu yake, wa pili akaonyesha video aliyorekodi nyumbani, na wa tatu akatuomba tumwamini tu. Kule nyuma kwenye vibanda kulikuwa na mabango ya kupendeza na peremende za bure. Hakukuwa na kibanda hata kimoja chenye kitu kilichounganishwa na kitu kingine. Wala hakuna aliyeshangaa, mimi nikiwemo.

Nikiwa kwenye matatu kurudi nyumbani nikamkumbuka Dan Lynch. Katika maonyesho aliyoyaendesha yeye, kibanda cha namna hiyo hakikuwa na nafasi. Sharti lilikuwa kwamba ukitaka kuonyesha bidhaa yako lazima iunganishwe na mtandao wa ukumbi, na lazima iongee na bidhaa za washindani wako waliosimama hatua chache kutoka kwako.

Jina lake sikulisikia chuoni. Tulifundishwa habari za Vint Cerf na Bob Kahn waliobuni TCP/IP. Tulifundishwa pia tabaka saba za OSI, tukazikariri kwa ajili ya mtihani kisha tukazisahau. Hakuna aliyetueleza kwa nini kitu chenye tabaka saba tulizokariri hakitumiki sana, na kitu kingine ndicho kinachobeba intaneti yote. Sababu ni nyingi na nitazigusa, lakini moja kati ya hizo ni maonyesho ya biashara, na mtu aliyeyaongoza.

Tuanze kabla ya maonyesho. Lynch alikuwa mtu wa hesabu kwa masomo na meneja wa kompyuta kwa kazi. Katika miaka ya 1970 alisimamia kompyuta za maabara katika SRI kule California, kisha akahamia taasisi ya ISI ya Chuo Kikuu cha Southern California, akawa msimamizi wa mitambo yao. Hapo ndipo alipokutana na shughuli iliyomfunza kila kitu alichokuja kukitumia baadaye. ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ulikuwa ukitumia itifaki ya zamani iitwayo NCP. Ikaamuliwa kwamba kufikia tarehe 1 Januari 1983 kila mashine iwe imehamia TCP/IP, na Lynch akawa miongoni mwa viongozi wa uhamisho huo.

Mpango wenyewe ulikuwa umeandikwa mapema, katika RFC 801 ya Novemba 1981. Watu walikuwa na zaidi ya mwaka mzima wa kujiandaa. Mnajua watu wa kompyuta walifanya nini na mwaka huo? Kile kile ambacho mimi na wewe tungefanya. Waliendelea na shughuli zao. Katikati ya 1982 NCP ikazimwa kwa siku moja ili walalao waamke, na baadaye mwaka huo ikazimwa tena kwa siku mbili. Hapo simu zikaanza kulia. Siku yenyewe ilipofika, wengi walivuka lakini baadhi ya vituo vilichelewa kwa miezi. Lynch akatengeneza beji za kubandika kifuani zilizosema kwamba anayezivaa alinusurika uhamisho wa TCP/IP. Naona alichojifunza hapo ni kwamba waraka ukiwa peke yake haumsogezi mtu. Watu wanasogea wanapoona siku fulani mlango utafungwa kweli.

Baada ya hapo TCP/IP ikaanza kuvutia wafanyabiashara. Kampuni zilisikia kwamba jeshi la Marekani linanunua vifaa vinavyoelewa itifaki hii, na kila moja ikakaa chini kuiandikia programu yake. Tatizo likawa kwamba waliosoma zile RFC hawakuwa walioziandika. Waliobuni walikuwa watu wachache waliojuana, na mambo mengi walikuwa nayo kichwani tu. Mhandisi wa kampuni fulani mbali huko alisoma sentensi moja akaielewa kivyake, wa kampuni nyingine akaielewa vingine, na wote wawili wakaandika kwenye katoni kwamba bidhaa yao inatumia TCP/IP. Mteja akinunua moja hapa na nyingine pale, zinakaa zinatazamana.

Mwaka 1986 Lynch, kwa kushirikiana na bodi iliyosimamia usanifu wa intaneti, aliwaita watu hao katika warsha ya siku tatu kule Monterey, California. Walikuja watu kama 250 kutoka kampuni zinazouza vifaa, wakakaa mbele ya wabunifu na watafiti wapatao 50. Hapakuwa na vibanda wala mabango. Wabunifu walieleza jinsi itifaki inavyofanya kazi, na pia mahali inapokwama. Kampuni nazo zikaeleza yale yaliyowakuta wateja, na baadhi ya mambo hayo wabunifu hawakuwa wameyawazia kamwe. Mwaka uliofuata kukawa na kongamano lingine, na kampuni ya Lynch ikaanza kutoa jarida la kila mwezi, ConneXions, lililohaririwa na Ole Jacobsen hadi 1996. Kama unapenda historia ya mitandao, matoleo yake ni hazina.

Hapa nisimame kidogo nieleze maonyesho ya kompyuta yalikuwaje wakati huo, maana bila hivyo hutaona ajabu ya alichofanya Lynch.

Bingwa wa kazi hii alikuwa Sheldon Adelson, mtoto wa dereva wa teksi kutoka Boston. Desemba 1979 kampuni yake ilianzisha COMDEX katika hoteli ya MGM Grand, Las Vegas. Mwaka huo wa kwanza walikuja waonyeshaji 167 na wageni 3,904. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa inavuta watu kama 200,000, na hoteli za mji mzima zilijaa. Adelson aliielewa biashara hii kwa ukamilifu wake. Ukumbi ni sakafu, sakafu inagawanywa vipande, unakodi kwa bei ya chini na kuuza kipande kimoja kimoja kwa bei ya juu. Akanunua hoteli ya Sands, akajenga ukumbi wake mwenyewe uliofunguliwa 1990, na mwaka 1995 akaiuza COMDEX kwa SoftBank ya Japani kwa zaidi ya dola milioni 800. Baadaye akajenga hoteli na kasino ya Venetian. Alifariki Januari 2021 akiwa mmoja wa matajiri wakubwa duniani. Sina neno baya juu ya hesabu zake, ni hesabu safi sana.

Lakini angalia, aliyekodi sakafu aliruhusiwa kuweka juu yake chochote. Mashine inayofanya kazi, mashine iliyokufa, sanduku tupu lenye taa zinazowaka. Mwendeshaji hakuwa na haja ya kujua. Mambo yakiharibika jukwaani ni shauri lako, kama ilivyotokea Aprili 1998 huko Chicago katika COMDEX ya majira ya kuchipua. Mfanyakazi wa Microsoft alichomeka skana ili kuonyesha uzuri wa Windows 98, na skrini ya buluu ikatokea mbele ya umati, Bill Gates akiwa pale pale jukwaani. Watu walicheka, na siku ikaendelea.

Sasa turudi kwa Lynch. Septemba 1988, katika ukumbi wa Santa Clara, alifungua maonyesho ya kwanza yaliyoitwa Interop. Kampuni zilizoonekana kufaa zilikuwa 50, na wageni 5,000 walikuja, wengi wao wahandisi waliotumwa na kampuni zao kuangalia kama mambo haya ni kweli. Swali lao lilikuwa moja, zile bidhaa zinaongea au haziongei?

Ili kulijibu, Lynch na watu wake walijenga mtandao ndani ya ukumbi. Nebo hiyo isikupite haraka. Ukumbi wa maonyesho unakabidhiwa ukiwa mtupu, na una siku chache tu kabla ya milango kufunguliwa. Katika siku hizo mafundi wanajenga vibanda, magari ya kuinulia mizigo yanapita juu ya kila kitu, umeme unakuja na kuondoka, na katikati ya fujo hiyo unatakiwa uvute kebo juu ya dari na chini ya zulia mpaka kila kibanda, uweke rauta, ugawe anwani, uunganishe ukumbi wote na intaneti ya nje, na kila kitu kiwe hai asubuhi mgeni wa kwanza anapoingia. Baada ya siku chache unabomoa vyote. Katika miaka iliyofuata mtandao huo ulikua mkubwa mno, hadi wakawa wanauunganisha kwanza ghalani wiki kadhaa kabla, wanaujaribu, wanaufungua, kisha wanaupeleka ukumbini kwa malori.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa wahandisi wa kujitolea, na wengi walitoka katika kampuni zile zile zilizokuwa na vibanda. Mchana kampuni zao ziligombania wateja, usiku wao walikuwa sakafuni pamoja wakitafuta kebo gani imekatwa na rauta ya nani inapiga kelele.

Na kelele zilikuwepo. Nitoe mfano mmoja wa aina ya hitilafu za enzi hizo, kwa sababu ni mzuri. Kwenye mtandao wa IP kuna anwani ya kuongea na mashine zote kwa pamoja, tuiite anwani ya tangazo. Mfumo wa 4.2BSD, uliotoka 1983 na kunakiliwa na kampuni nyingi, ulitumia sifuri tupu katika sehemu ya mwisho ya anwani hiyo. RFC 919 ya Oktoba 1984 ikasema hapana, ziwe moja tupu. 4.3BSD ikarekebisha mwaka 1986, lakini sokoni kulikuwa na bidhaa za aina zote mbili, na kila moja kivyake ilikuwa nzima kabisa. Ziweke kwenye waya mmoja uone. Mashine inatuma tangazo kwa mtindo mmoja. Mashine za mtindo wa pili hazilitambui kama tangazo, zinadhani ni barua ya mtu mwingine iliyokosea mlango, na kwa ukarimu wao zinajitolea kuipeleka. Kila moja inapaza sauti kuuliza nani mwenye anwani hii, wote kwa wakati mmoja, na hakuna anayejibu kwa sababu mtu huyo hayupo. Mtandao unajaa maswali mpaka hakuna kazi nyingine inayopita.

Hitilafu kama hiyo huipati maabara. Huko una vifaa vya kampuni yako peke yake, na vyote vina kosa moja, kwa hiyo vinaelewana vizuri sana! Unaipata tu ukiweka kazi za watu hamsini wasiopendana kwenye waya mmoja.

Hata maandishi yenyewe yalikuwa na makosa. RFC 793, waraka mama wa TCP, ulieleza kielekezi cha data ya dharura kwa namna mbili zinazopingana ndani ya waraka ule ule. Oktoba 1989 zikatoka RFC 1122 na 1123, zilizohaririwa na Robert Braden, zikikusanya mamia ya masahihisho na masharti juu ya kila mashine inayotaka kuitwa mashine ya intaneti. Juu ya kile kielekezi zilichagua maana moja. (Mwaka 2011 RFC 6093 ikageuza na kuchagua ile nyingine. Msiniulize.) Watu waliohangaika na vikao vya IETF katika miaka hiyo ndio hao hao waliohangaika kwenye kumbi za Interop, na kilichovunjika ukumbini kilikuwa na njia fupi ya kurudi kwenye maandishi.

Swali linalonivutia zaidi si la kiufundi. Kwa nini kampuni zilikubali sharti hilo? Mwendeshaji wa maonyesho anaishi kwa kuuza nafasi. Kila sharti unaloongeza ni mteja unayeweza kumpoteza, na kampuni kubwa haipendi kuambiwa kwamba mashine yake ya mamilioni itapimwa hadharani kando ya kijikampuni cha watu sita. Lynch alikuwa anahatarisha biashara yake mwenyewe. Adelson asingefanya hivyo, na kwa hesabu za Adelson alikuwa na haki.

Naona jibu liko kwa wale wageni 5,000. Walikuwa watu wenye bajeti mkononi waliochoka kudanganywa. Wakishajua kwamba ukumbi huu una sharti, asiyekuwepo anaonekana kama aliyeshindwa mtihani, hata kama hakuufanya. Hapo sharti likageuka kutoka mzigo likawa tangazo. Na mara kampuni zilipoingia, kila moja ilikuwa na sababu ya kumsaidia jirani, kwa sababu mtandao wa ukumbi ukianguka mgeni hawezi kujua nani aliuangusha. Anaona vibanda vyote viko kimya. Kwa hiyo mhandisi wa kampuni A anakesha akirekebisha hitilafu ya kampuni B. Bosi wake angeuliza anafanya nini, jibu lilikuwa tayari.

Kuna pia ile siku ya kufungua milango. Sisi tunaoandika programu tunajua tarehe zinavyosogezwa, wiki moja, kisha mwezi, kisha robo ya mwaka. Kamati za viwango ni mbaya zaidi, wao husogeza kwa miaka. Ukumbi uliokodiwa hausogei. Wiki inayofuata kuna maonyesho ya watu wengine, na wageni wameshakata tiketi za ndege.

Linganisha na upande wa pili. Kamati za ISO zilianza kazi ya OSI mwishoni mwa miaka ya 1970, zikiungwa mkono na serikali na mashirika ya simu ya nchi nyingi. Mwaka 1988, ule ule wa Interop ya kwanza, serikali ya Marekani ilichapisha kanuni zake za GOSIP, na kuanzia Agosti 1990 mitandao mipya ya serikali ilitakiwa kununuliwa kwa masharti ya OSI. Kwenye karatasi, mechi ilikuwa imekwisha. TCP/IP ilikuwa kitu cha muda, cha kutumia tukingojea kitu halisi. Lakini maneno matupu hayavunji mfupa. Mnunuzi aliyesoma kanuni ya serikali ofisini aliweza kwenda ukumbini akaona TCP/IP ikifanya kazi kati ya mashine za kampuni nyingi, na bidhaa za OSI zikiwa chache, ghali, na nyingi bado ziko njiani. Mwaka 1995 kanuni ikalegezwa.

Sitaki kumpa Lynch sifa zisizo zake. TCP/IP ilikuwa na bahati nyingine kubwa. Msimbo wa Berkeley ulipatikana kwa urahisi, NSF iliamua mtandao wake wa vyuo utumie TCP/IP, na nyaraka zake zilisomwa bure wakati za ISO ziliuzwa. Hata bila Interop huenda ingeshinda. Ila "ingeshinda" ile ingechukua muda gani, na wateja wangapi wangenunua vifaa visivyoelewana wakakata tamaa? Sisi huku, kufikia wakati Kenya inapata muunganisho kamili katikati ya miaka ya 1990, hakuna aliyetuuliza TCP/IP au OSI. Swali lilikuwa limeshajibiwa kwa gharama ya watu wengine.

Basi tuje kwenye tosta. Katika Interop ya 1989 Lynch alimwahidi John Romkey, mmoja wa walioandika TCP/IP ya kwanza kwa ajili ya kompyuta za IBM PC, kwamba akiweza kuunganisha tosta na intaneti, itapewa mahali pa heshima ukumbini mwaka unaofuata. Romkey akashirikiana na rafiki yake Simon Hackett kutoka Australia, na mwaka 1990 tosta ya Sunbeam ikasimama pale ikiwaka na kuzimika kwa amri za SNMP, itifaki ya kusimamia vifaa vya mtandao. Amri ilikuwa moja tu, washa umeme, na rangi ya mkate ilitegemea umewasha kwa muda gani. Kasoro ilikuwa kwamba mkate wenyewe ulitiwa kwa mkono. Mwaka 1991 wakaongeza kreni ndogo ya kuudumbukiza, nayo pia ikiendeshwa kupitia intaneti.

Ni mzaha, ndiyo. Lakini fikiria kama mwendeshaji wa maonyesho. SNMP ilikuwa mpya, na kuieleza kwa meneja wa ununuzi ni kumlaza usingizi. Mwonyeshe mkate unaoungua kwa amri kutoka upande wa pili wa ukumbi, atakwenda kuwasimulia wenzake. Na kumbuka jamaa wetu wa Nairobi na mada yake ya vifaa vinavyozungumza. Zaidi ya miaka 30 baada ya ile tosta, naye akashindwa na Wi-Fi.

Mwaka 1991 Lynch aliiuza Interop kwa Ziff-Davis. Mnamo 1994 akawa miongoni mwa waanzilishi wa CyberCash, kampuni ya malipo ya mtandaoni, miaka 13 kabla ya M-Pesa. Ilifilisika 2001. Kuona mbali hakulipi kila mara.

Maonyesho nayo yalikwenda njia ya mali yoyote inayouzwa na kuuzwa tena. Mwaka 1994 yaliunganishwa na maonyesho mengine yakaitwa NetWorld+Interop, na mara baadaye yakaangukia mikononi mwa SoftBank, iliyonunua pia COMDEX. Kwa hiyo mtoto wa Lynch na mtoto wa Adelson walijikuta nyumba moja. Mwaka 2000 yote mawili yakahamishiwa kampuni iitwayo Key3Media, ambayo Februari 2003 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. COMDEX ya mwisho ya Las Vegas ilifanyika Novemba 2003, ya 2004 ikafutwa, na hapo ndipo ilipoishia. Wengine wanasema intaneti iliua maonyesho, kwamba hakuna haja ya kusafiri kuona sanduku unaloweza kusoma habari zake kwenye tovuti. Kwa sanduku lisilounganishwa na kitu, nakubali.

Interop ya Japani, iliyoanza 1994, bado inafanyika kila mwaka kule Makuhari karibu na Tokyo. Na bado wahandisi kutoka kampuni zinazoshindana wanakusanyika wiki kadhaa kabla kujenga mtandao wa ukumbi, wanaouita ShowNet, wakijaribu humo vifaa ambavyo vingine bado havijaingia sokoni.

Lynch aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Intaneti mwaka 2019. Katika kundi hilo hilo aliingizwa Adiel Akplogan wa Togo, mkurugenzi mkuu wa kwanza wa AfriNIC, shirika linalogawa anwani za IP Afrika. Lynch alifariki Machi 2024 akiwa na umri wa miaka 82.

Kuna kitu kimoja kilichobaki. Ule mtandao wa ukumbi ulihitaji anwani, na zamani hizo anwani ziligawiwa kama njugu, kwa hiyo Interop ilipewa kizuizi kizima cha 45.0.0.0/8, yaani anwani zaidi ya milioni 16 kwa ajili ya mtandao unaoishi siku chache kwa mwaka. Oktoba 2010, dunia ikiwa inaishiwa na IPv4, Interop ilirudisha karibu zote kwa ARIN bila kudai pesa. Baadaye kizuizi kikakatwa vipande na kugawiwa sehemu mbalimbali za dunia, na baadhi ya vipande vikaja AfriNIC. Fungua logi za seva yako utafute anwani zinazoanza na 45, kisha uliza whois ni za nani. Mimi nilipofanya hivyo jana usiku nilikuta kadhaa za bara letu.